Mwanangu ameambiwa acheze fulbeki: je, kuna chuo kitakachomhitaji?

Swali: Tunaishi Des Moines, Iowa. Tulifika mwaka 2014 kutoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Kijana wangu ana miaka 16, yuko darasa la 11, ana kilo 104 na urefu wa sentimita 180. Alikuwa anabeba mpira kwenye timu ya futiboli ya Kimarekani ya shule, sasa kocha anataka awe fulbeki na anasema huko ndiko atakakopata chuo. Wenzake wanamcheka, eti nafasi hiyo ilishakufa. Sote tuna kadi za ukaazi wa kudumu, bado hatujawa raia. Naomba nieleweshwe: kazi yenyewe ni ipi, vyuo gani bado vinaitaka, hela ya masomo inapatikanaje, na baada ya chuo kuna nini?

Jibu:

Mama, kocha amekuambia kweli, na hao wenzake hawajazusha. Nafasi ya fulbeki imepungua sana vyuoni, lakini haijafa, na kijana wa kilo 104 aliyezoea kubeba mpira ana matumaini zaidi hapo kuliko kwenye nafasi ya mkimbiaji, ambako atagombania namba na vijana wengi wepesi kumzidi. Sharti ni moja: achague chuo kwa mfumo wake wa ushambuliaji, si kwa ukubwa wa jina lake. Fulbeki hodari katika chuo kisichotumia fulbeki hukaa benchi mpaka anahitimu.

Fulbeki wa futiboli ya Kimarekani ni mtu wa ushambuliaji, usimchanganye na beki wa soka. Katika mpangilio unaoitwa I, kwotabeki (kiongozi wa ushambuliaji, anayerusha pasi), fulbeki na mkimbiaji husimama nyuma ya mpira kwa mstari mmoja: fulbeki yadi 4 hivi kutoka kwenye mpira, mkimbiaji kama yadi 7. Mpira ukianzishwa, fulbeki hutangulia kwenye pengo, humkinga lainbeka (mlinzi wa safu ya pili), na mkimbiaji hupita nyuma yake. Mechi nzima anaweza asiguse mpira hata mara moja, na bado akawa ndiye aliyefungua njia za yadi 100. Mwanao aliyezoea kushangiliwa akibeba mpira inabidi alikubali hilo mapema. Wengi wanaoacha nafasi hii huacha kwa sababu hiyo kabla hata ya kuumia.

Haikuwa hivyo siku zote. Doc Blanchard, fulbeki wa chuo cha kijeshi cha Army, alishinda tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 1945, na Alan Ameche wa Wisconsin akaipata mwaka 1954. Mwaka 1968 chuo cha Texas kilianza kutumia mfumo wa wishbone, ambamo fulbeki Steve Worster alikuwa tishio la kwanza la kila shambulio, na timu ile ikashinda mechi 30 mfululizo. Mwaka huohuo Larry Csonka, fulbeki wa Syracuse, alichaguliwa raundi ya kwanza na Miami Dolphins, timu ya ligi ya kulipwa ya NFL.

Kilichobadilisha mambo ni hesabu. Makocha huyataja makundi ya wachezaji kwa tarakimu mbili: ya kwanza ni idadi ya mabeki wa kukimbia, ya pili ni idadi ya taitiendi (mtu wa pembeni mwa mstari anayekinga na pia kudaka pasi). Kundi la 21 lina mabeki wawili, yaani mkimbiaji na fulbeki. Kundi la 11 lina mmoja tu, na nafasi ya fulbeki imechukuliwa na mpokeaji wa tatu. Makocha wa mfumo wa kutawanya wachezaji walijiuliza: kwa nini nimtume mtu akampige lainbeka katikati, wakati nikimweka mpokeaji pembeni lainbeka huyo atalazimika kumfuata na kuondoka mwenyewe? Kwa hoja hiyo mafulbeki waliondolewa chuo baada ya chuo. Walinzi nao wakajibu kwa kutoa malainbeka wazito na kuingiza mabeki wepesi wenye kasi. Hapo ndipo baadhi ya timu zilipoona faida ya kumrudisha mtu wa kilo 110 anayekuja kwa kasi dhidi ya mlinzi wa kilo 90.

Kwa familia yako bahati ni kwamba mko Iowa. Chuo Kikuu cha Iowa, chini ya kocha Kirk Ferentz tangu 1999, kimeendelea kuwatumia mafulbeki wakati vyuo vingi vikubwa vimewaacha. Vyuo vya kijeshi vya Army, Navy na Air Force ni habari nyingine kabisa: mifumo yao imejengwa juu ya mbio za chaguo tatu, ambapo kwotabeki humwekea fulbeki mpira tumboni na kuamua papo hapo kumwachia au kuuchomoa, kwa kumtazama mlinzi mmoja aliyeachwa bila kukingwa makusudi. Huko fulbeki ni mbeba mpira wa kweli, na hubeba mara nyingi. Katika vyuo vya daraja la pili na la tatu, na vile vya daraja la kwanza visivyo vikubwa, utawakuta wengine wengi. Vyuo vingine wana kazi ileile lakini wanampa mtu anayesimama karibu na taitiendi na kuhamahama kabla mpira haujaanzishwa. Orodha ya wachezaji itamwita taitiendi. Usiviruke vyuo hivyo.

Tahadhari: mfumo ni mali ya kocha, si ya chuo. Wisconsin ilikuwa nyumba ya mafulbeki kwa miaka mingi, ila mwaka 2023 wakufunzi wapya walileta mfumo wa kutawanya na nafasi ikawekwa kando. Kwa hiyo, kabla ya kijana kutia saini popote, angalieni mechi nne au tano za msimu uliopita na mhesabu ni mara ngapi fulbeki alikuwa uwanjani. Maneno ya kocha yasiwatoshe.

Sasa ufundi, maana hapa ndipo ajira inapopatikana au kupotea.

Anaposimama, mkono mmoja uko chini, na uzito umegawanyika vizuri. Kijana akiegemea sana mkono wakati atakwenda mbele, vidole vinapauka, na lainbeka mwenye macho anajua shambulio linakuja wapi. Malainbeka hufundishwa kumsoma fulbeki kabla ya mtu mwingine yeyote, hivyo kila safari anatakiwa asimame vilevile. Hatua ya kwanza ni fupi, kama sentimita 15, kuelekea pengo. Kosa la waliotoka kwenye ukimbiaji ni kurudisha mguu nyuma kwanza ili kujisukuma. Hatua hiyo ya bure inatosha kumfanya lainbeka afike kwenye pengo kabla yake.

Anapomkaribia lainbeka, macho yalenge kifua, si mabega wala kichwa, na mwili wake uwe kati ya mlinzi na njia ya mkimbiaji. Nyonga zishuke chini ya nyonga za mpinzani hatua mbili kabla ya kugusana. Mikono iingie ndani, chini ya kinga za mabega, vidole gumba juu, viwiko vimebanwa. Kisha miguu isisimame. Kosa kubwa kuliko yote katika nafasi hii ni kupunguza mwendo ili kujipanga kabla ya kugongana: mlinzi anayekuja kwa kasi humrudisha mtu aliyesimama hata kama ni mwepesi kwake kwa kilo 15. Hatua ziwe fupi, miguu mipana kama mabega, mpaka filimbi ilie. Na mikono ikitoka nje ya kifua na kushika jezi, mwamuzi anatoa adhabu ya yadi 10.

Kuna kinga ya pili muhimu, ile ya kumsukuma nje mlinzi wa mwisho wa mstari. Hapa tatizo ni njia. Vijana wengi huzunguka kwa tao kubwa, wakamfikia mlinzi kwa nje, na yeye anajibana ndani na kuziba pengo lote. Njia sahihi ni kukimbia karibu kabisa na migongo ya wachezaji wa mstari, umfikie kutoka ndani kwenda nje. Mlinzi mjanja naye atajitupa ndani chini ya fulbeki ili kuvuruga shambulio. Hapo fulbeki asishindane naye: amfungie hukohuko ndani, na mkimbiaji azunguke nje. Kijana anayeweza kubadili uamuzi huo akiwa mbioni ana thamani kubwa machoni pa kocha, kwa sababu haufundishiki kwa wiki moja.

Kumlinda kwotabeki wakati wa pasi ndiko kunakowatoa wengi uwanjani. Kanuni ni kuangalia kutoka ndani kwenda nje. Wakija walinzi wawili kumvamia, mchukue wa ndani, maana ndiye mwenye njia fupi ya kumfikia kwotabeki. Wa nje atalazimika kuzunguka. Mfuate karibu na mstari, usimsubiri ukiwa umeketi mapajani pa kwotabeki. Asipokuja mtu, toka pembeni yadi 3 hadi 5 uwe tayari kupokea pasi fupi. Mwanao ajizoeze kudaka mipira 50 kila siku kwa mikono, si kwa kifua. Hilo peke yake linaweza kumtofautisha na vijana wengine wenye nguvu.

Kukinga chini ya kiuno kuna sheria zake. Tangu 2022, katika futiboli ya vyuo, kinga hiyo inaruhusiwa tu ndani ya eneo la katikati la mstari, kwa wachezaji wa mstari na mabeki waliotulia wakati mpira unaanzishwa. Nje ya hapo ni adhabu. Shule za sekondari zina kanuni zao, kwa hiyo amuulize kocha wake.

Halafu timu maalumu, zile za kuanzisha mpira na kupiga mateke. Fulbeki wa mwaka wa kwanza au wa pili husafiri na timu kwa sababu ya kazi hizi. Kijana asiyezitaka hana pa kuanzia.

Kuhusu mwili: mafulbeki wengi wa vyuo wana kati ya kilo 104 na 113. Mwanao tayari yumo, kwa hiyo asikimbilie kunenepa. Kilo 2 au 3 kwa mwaka, zikiwa misuli, zinatosha. Zaidi ya hapo anapoteza hatua ile ya kwanza. Aweke nguvu kwenye mapaja, mgongo wa chini na shingo. Shingo husahaulika, na ndiyo inayobeba mgongano.

Hapo niseme wazi, kwa sababu wewe ni mzazi. Hii ni mojawapo ya nafasi zenye migongano mizito zaidi, maana watu wawili wanakutana wote wakiwa kasini. Kuinamisha kichwa na kugonga kwa utosi kunaweza kuvunja shingo. Vyuoni, anayemlenga mpinzani kwa kichwa kinyume cha sheria hufukuzwa mchezoni, kanuni iliyoanza 2013. Dalili za mtikisiko wa ubongo unaweza kuziona nyumbani: kuumwa kichwa, kukerwa na mwanga, kusahau mambo ya jana, hasira isiyo ya kawaida, usingizi uliovurugika. Mwenye dalili harudi uwanjani siku hiyo, na harudi baadaye bila daktari. Ganzi au moto unaoshuka mkono mmoja baada ya kugongana ni mshipa wa fahamu wa shingo uliovutwa, nao usemwe. Ukitokea mikono yote miwili, ni dharura. Vijana huficha haya wakiogopa kupoteza namba, na mara nyingi ni mama anayegundua.

Masomo na hela. Ili aruhusiwe kucheza daraja la kwanza la NCAA (chama kinachosimamia michezo ya vyuo) anahitaji kozi 16 za msingi, na 10 kati ya hizo ziwe zimekamilika kabla hajaanza darasa la 12. Katika hizo 10, kozi 7 ziwe za Kiingereza, hisabati au sayansi. Wastani wa chini ni 2.3, na kwa daraja la pili ni 2.2. Yuko darasa la 11, basi wiki hii mwombe mshauri wa shule akuoneshe orodha ya kozi zake zilizokubaliwa na NCAA. Watoto waliofika bila Kiingereza mara nyingi huwekwa kwenye madarasa ya lugha ambayo huenda hayahesabiki, na familia hugundua muda ukiwa umepita. Ajisajili pia kwenye kituo cha NCAA cha kuthibitisha sifa.

Daraja la juu kabisa lilikuwa na kikomo cha ufadhili wa watu 85. Baada ya makubaliano ya kisheria yaliyoidhinishwa Juni 2025, vyuo vilivyojiunga nayo havina tena kikomo cha ufadhili, badala yake vina kikomo cha wachezaji 105 kwenye timu. Hilo linamgusa fulbeki moja kwa moja, kwa kuwa nafasi hii ilijazwa sana na vijana walioingia bila ufadhili na kujithibitisha. Bradie Ewing alianza hivyo Wisconsin, na mwaka 2012 Atlanta Falcons wakamchagua raundi ya tano. Mlango huo sasa ni mwembamba zaidi. Daraja la pili lina kiasi cha ufadhili kamili wa watu 36, unaogawanywa vipandevipande kwa wachezaji wengi. Kijana anaweza kupewa robo tu. Daraja la tatu, na vyuo vya Ivy (kundi la vyuo vikongwe kama Harvard) vilivyo daraja la kwanza, havitoi ufadhili wa michezo, ila hutoa msaada kwa kipato cha familia. Kwa familia yenye kipato kidogo, msaada huo unaweza kuzidi kile kipande cha daraja la pili, basi linganisheni barua zote kwa tarakimu za mwisho. Wenye ukaazi wa kudumu wanaruhusiwa kujaza FAFSA, fomu ya msaada wa serikali, na wanaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao bila kikwazo cha viza ya mwanafunzi.

Vyuo vya kijeshi havitozi ada, lakini vinataka raia wa Marekani, asiye na ndoa, mwenye uteuzi, ambao kwa kawaida hutoka kwa seneta au mbunge, na mhitimu hutumikia jeshini angalau miaka 5. Hapa Mama una jambo la kufanya mwenyewe. Mzazi akipata uraia kabla mtoto hajatimiza miaka 18, na mtoto huyo ni mkaazi wa kudumu anayeishi naye hapa chini ya malezi yake, mtoto huwa raia kwa nguvu ya sheria. Mmeishi hapa tangu 2014, na maombi ya uraia huchukua miezi. Muoneni mwanasheria wa uhamiaji sasa, na mkipata, mwombeeni pasipoti kama ushahidi. Uteuzi wa wabunge nao huanza kushughulikiwa mwishoni mwa darasa la 11.

Video ya kutuma kwa makocha iwe dakika 3 au 4. Ianze na kinga tano bora dhidi ya malainbeka, kisha kumlinda kwotabeki, kudaka, timu maalumu, na mbio za mpira mwisho. Kila kipande kimwoneshe kwa alama kabla ya mpira kuanzishwa, na kiendelee mpaka filimbi. Makocha wanataka kuona kama miguu iliendelea. Muziki hauongezi kitu.

Akishaingia chuo cha daraja la kwanza ana miaka 5 ya kucheza misimu 4. Mwaka mmoja anaweza kuuweka akiba kwa kujijenga, na akicheza mechi zisizozidi 4 msimu huo hauhesabiwi. Mazoezi rasmi ni hadi saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, na gym ya hiari na matibabu havimo humo. Mwaka wa kwanza atakuwa mtu wa kuiga timu pinzani mazoezini. Wa pili, timu maalumu. Wa tatu ndipo kwa kawaida huanza kuitwa inapobaki yadi moja.

Baada ya chuo, NFL ina nafasi chache, kwa sababu timu nyingi hazibebi fulbeki hata mmoja. Lakini angalia walikotoka waliozipata. C.J. Ham, mzaliwa wa Duluth, Minnesota, alisoma Augustana ya Dakota Kusini, chuo cha daraja la pili, hakuchaguliwa kwenye drafti (zamu ya timu kuchagua wachezaji wapya) ya 2016, akapata kazi kwa Vikings. Alec Ingold alikuwa kwotabeki sekondari, akawa fulbeki Wisconsin, naye hakuchaguliwa mwaka 2019. Patrick Ricard alicheza ulinzi wa mstari huko Maine, na Ravens ndio waliomgeuza. Kyle Juszczyk alitoka Harvard, akachaguliwa raundi ya nne 2013, na mwaka 2017 San Francisco 49ers wakampa mkataba wa miaka 4 wa dola milioni 21. Jina la chuo halikuwabeba hao. Waliweza kukinga, kudaka na kucheza timu maalumu. Mshahara wa chini wa mchezaji mpya mwaka 2025 ulikuwa dola 840,000 kwa msimu kamili, ila wengi wasiochaguliwa hukatwa kabla msimu haujaanza. Basi shahada aichague kama mtu ambaye hatacheza NFL.

Mkialikwa chuoni, muulizeni kocha haya uso kwa uso, na mwandike majibu: mna mafulbeki wangapi sasa na wanahitimu lini? Msimu uliopita fulbeki alicheza mara ngapi kwa mechi? Nani anaamua mfumo, na mkataba wake unaisha mwaka gani? Ufadhili ni wa mwaka mmoja au mpaka ahitimu, na akiumia unabaki? Nani analipa matibabu baada ya kuondoka? Vyuo vya daraja la kwanza, tangu Agosti 2024, vinatakiwa kugharamia majeraha ya michezo angalau miaka 2 baada ya mchezaji kumaliza. Waombeni hilo kwa maandishi.